Misumari Mia Moja Arobaini na Mitatu

Katika mji wetu hakuna kitu kinachosimama peke yake. Ukijenga nyumba, kila kaya inaleta msumari wake mmoja na kuupigilia. Ukitengeneza kitanda, vivyo hivyo. Kabati, mlango, banda la kuku, jeneza. Kaya ni mia moja arobaini na tatu, na kila moja ina alama yake iliyochorwa kwenye kichwa cha msumari: hawa jicho, wale kikombe, wengine mstari tu, kana kwamba siku ya kugawana alama walichelewa. Misumari yote inafuliwa na mhunzi mmoja, mirefu kama kiganja, mizito kama yai la kuku. Kuupigilia kwenye kitu cha jirani kunaitwa kutia mkono. Kitu ambacho hakijatiwa mkono hakina mwenyewe. Na mtu asiye na kitu kilichotiwa mkono, basi naye, kwa hesabu ya mji, hajazaliwa sawasawa.

Mimi ni Sauda. Nilizaliwa pale, kama kuzaliwa ndilo neno lenyewe.

Ramani zilifika kabla yangu. Shangazi Mosi, aliyenilea, anasema zililetwa mlangoni Jumanne moja, zimeviringishwa ndani ya bomba la bati, na juu ya bomba limeandikwa jina langu kamili, wakati mimi nilikuwa nimebakiza miezi saba kufika duniani na jina lenyewe halijachaguliwa. Jumanne ipi, simuulizi. Mji wetu una Jumanne mbili kila wiki, na ya pili haiikumbuki ya kwanza. Shangazi alilitia bomba chini ya kitanda, na kila alipofagia alilisukuma upande na ufagio, miaka ishirini na minne. Nilipolifungua nilikuta karatasi ishirini na mbili. Ndege ndogo ya mtu mmoja. Mbao za msonobari, kitambaa, waya, gundi, injini ya pampu ya maji. Kila ubavu wa bawa umechorwa kwa ukubwa wake halisi, ili ulaze ubao juu ya karatasi na kukata. Mwingine angeona michoro. Mimi niliona mwili uliolala, unangoja kuamshwa.

Karatasi ya kumi na saba ilihusu uzito. Pembeni, kwa penseli, palikuwa na maneno matatu: Hesabu na mapenzi. Mwandiko ulikuwa wangu. Ile herufi ya h yenye mguu mrefu, ambayo mwalimu alinipigia vidole kwa ajili yake, ilikuwa pale, imeandikwa kwenye karatasi iliyokuwa imefungwa tangu kabla sijawa na vidole. Nilidhani ni mzaha wa penseli. Nikapita.

Nilijenga miaka miwili, ndani ya ghala la zamani la chumvi nje ya mji. Nilikata mbavu ishirini na nane. Nilichonga pangaboi la kuivuta ndege kwa patasi na kulisawazisha juu ya ncha ya kisu mpaka likakubali kulala bila kuegemea upande wowote. Nilijifunza gundi. Watu hawaijui gundi. Wanaidharau kwa sababu haina kichwa cha kupigwa. Lakini karatasi ya tatu ilisema wazi: kinachoishikilia ndege ni gundi. Vimisumari vidogo vinawekwa ili ubao usihame gundi ikikauka, kisha vinatolewa vyote. Nilisoma sentensi ile mara nyingi. Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba kuna kushikana ambako, kukishakamilika, mshikaji anaondoka.

Boriti ya bawa ndiyo ilikuwa moyo. Ubao mmoja mrefu, hauna fundo hata moja, unapita kutoka ncha hadi ncha, na uzito wote wa mtu angani unaning'inia hapo. Nilipomaliza niliifunga ndege kamba kwenye alama iliyoonyeshwa na kuiinua kutoka sakafuni. Ilitulia sawa. Pua haikushuka, mkia haukushuka. Nililia kidogo, nikafuta, nikaenda mjini kutangaza.

Hapo ndipo lilipo kosa langu, na nitalitaja kabla hawajalitaja wao. Nilitangaza. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilitaka nizaliwe sawasawa kama watu wengine.

*

Walikuja Jumanne ya kwanza, kaya zote, wamevaa nguo za sikukuu. Mbele alikuwa Bwana Dihenga, Mshika Nyundo, ambaye kazi yake ni kuibeba nyundo ya mji na kuamua nani anapiga baada ya nani. Ni mtu mpole. Nasisitiza hilo, kwa sababu wasomaji wanapenda mwenye mamlaka awe na sura mbaya. Bwana Dihenga alikuwa na sauti ya mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Ndege yetu," alisema, akaipapasa mkia.

"Ndege yangu, Bwana."

"Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu."

Nilimwambia kuhusu gundi. Nilimfungulia karatasi ya tatu. Aliiangalia akiwa ameigeuza juu chini, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Aliyechora hii hakuwa na majirani, masikini. Tumhurumie."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Pandu kinyozi, ambaye kwa kazi yake anajua kichwa cha kila mtu na yaliyomo, akapaza sauti kutoka nyuma: "Dada rubani! Mimi nipigilie wapi? Maana nataka nikae dirishani!"

"Haina dirisha, Pandu."

"Basi nikae mkiani, nichungulie tunakotoka!"

Na kweli wengi walipigilia mkiani, kwa sababu mkia wa ndege ikiwa chini ndio unaofikika bila ngazi. Nyundo ilipita mkono hadi mkono. Kila pigo nililisikia kwenye meno. Shangazi Mosi alikuwa wa kwanza, kama ilivyo haki ya mlezi, na yeye hakutaka mkia. Alitaka mahali pa heshima. Aliuliza moyo wa kitu hiki uko wapi, na mimi, mjinga, nikamwonyesha. Akaupigilia msumari wake, wenye alama ya kitana, katikati ya boriti ya bawa. Alipiga mara tatu. Pigo la tatu lilikuwa na sauti nyingine nyuma yake, ndogo, kavu, kama mtu anayevunja kijiti chumba cha pili.

Alikuwa anatabasamu.

*

Tulisukuma ndege hadi kwenye uwanda wa chumvi, mweupe, mgumu, usio na jani. Injini ilishika. Niliikimbiza dhidi ya upepo, na pale ambapo mkia ulitakiwa kuinuka ili mwili ulale sawa, mkia ulikataa. Ukaburuta. Pua ikapanda yenyewe, magurudumu yakaachana na ardhi kiasi cha kimo cha mbuzi, halafu ndege ikasita, ikakaa hewani kama mtu aliyesahau kwa nini amesimama, ikaanguka kwa matako.

Mji mzima ulipiga makofi.

"Imeruka!" walisema. "Umeona? Imeruka!"

"Haikuruka," nilisema.

"Imeruka kimo chetu," alisema Bwana Dihenga. "Kingine cha nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kukatazwa. Mtu anayekukataza anakiri kwamba kitu unachokitaka kipo. Hawa hawakunikataza. Walinipongeza. Walikuwa wameiweka ndege yangu duniani kwa upendo, wakaipenda ikiwa duniani, na mwaka baada ya mwaka wangeisukuma hadi uwandani siku ya sikukuu iruke kimo cha mbuzi, na watoto wangepandishwa juu yake, na mimi ningeitwa rubani mpaka kufa. Nikaona maisha hayo yote kwa mara moja, yamepangwa kama sahani. Yalikuwa maisha mazuri. Ndiyo yaliyonitisha. Nilijiuliza swali ambalo halijaniacha tangu siku hiyo: kitu kilichoshikwa na kila mtu, kitatoka vipi mahali kilipo?

Nilirudi ghalani nikaifunga ndege kamba palepale pa mwanzo, nikaiinua. Mkia ukashuka hadi sakafuni, polepole, kama mtu anayepiga magoti.

Misumari mia moja arobaini na mitatu, kila mmoja uzito wa yai. Kilo nane kasoro kidogo, na karibu zote nyuma. Nilichukua penseli niandike pembeni mwa karatasi ya kumi na saba kile nilichokuwa nimejifunza, kwamba mapenzi nayo yana uzito, ili mwingine asije akakosea. Nikaanza herufi ya kwanza, h yenye mguu mrefu. Penseli ikapita juu ya mstari uliokuwapo tayari.

*

Sheria ya kung'oa ni fupi, kila mtoto anaijua. Anayeng'oa msumari wa mtu ataurudisha mlangoni kwake, atapiga magoti, atasema samahani, naye atasamehewa na msumari utapigiliwa upya. Asiyetaka kusema, kaya zote zitakwenda nyumbani kwake kuchukua misumari yao.

Nyumba yetu ni ya mbao. Ninaposema yetu, ni yangu na shangazi, na yeye ana miaka sabini.

Kwa hiyo nilikwenda kwake kwanza. Alikuwa jikoni anachambua mchele. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua macho, kwa sababu mchele haumngoji mtu.

"Shangazi, nataka kung'oa."

"Mingapi?"

"Yote."

Vidole vikasimama kwenye ungo.

"Na wangu?"

"Na wako."

"Ningejua, ningekuacha ulie usiku ule mzima wa surua," alisema. "Nilikubeba mgongoni mpaka adhuhuri. Sikukutua hata kwenda chooni."

"Najua."

"Hujui. Ulikuwa na homa." Akatoa kokoto moja kwenye mchele, akaitupa nje ya mlango. "Basi ung'oe. Lakini usije ukaniambia haukuwa na maana."

"Ulikuwa na maana, shangazi. Ndiyo sababu umepasua boriti."

Alinitazama. Sijui alimwona nani. Kuna siku ananiita kwa jina la mama yangu, ambaye haishi nasi, na kuna siku anamwita mama yangu kwa jina langu, na sisi sote wawili tunaitika.

"Imepasuka?"

"Ufa wa urefu wa mkono. Nikipanda nayo hivyo, bawa litakunjika angani."

"Mimi nilisikia," alisema. "Pigo la tatu. Nikasema labda ni goti langu."

*

Sikungoja giza. Anayeng'oa gizani anajua anaiba, na mimi nilikuwa natoa vitu vya watu kwenye kitu changu. Nilianza saa tatu asubuhi, milango ya ghala wazi yote miwili, koleo mkononi. Misumari ilitoka ikilia. Kila tundu nililijaza kijiti cha msonobari na gundi. Kila msumari niliulaza juu ya meza kwa alama yake. Jicho. Kikombe. Mstari. Wembe wa Pandu. Nyundo ya Bwana Dihenga, ambaye alama yake ni picha ya kazi yake, hana nyingine.

Siku ya pili nilianza kusema na ndege. Nilisema, nisamehe. Nilisema, nilikupeleka kwa watu kabla hujawa na uwezo wa kukataa. Nilisema, hili ni kosa langu na ninaliomba radhi, kwako, hapa, mara moja. Ndege haikujibu, lakini tundu la thelathini na tisa lilikubali kijiti kwa ulaini ambao matundu mengine hayakuwa nao, na mimi nikalichukulia hilo kuwa jibu. Mtu ana haki ya kuchagua majibu yake.

Msumari wa shangazi nilimaliza nao. Nilipouvuta, ufa ulifunguka kama mdomo unaotaka kusema. Nilikata kipande chote kilichoharibika, nikauunga ubao mpya kwa mshazari mrefu mara kumi na mbili ya unene wake, kama ramani zilivyoagiza, nikapaka gundi, nikabana, nikakaa kando yake siku saba bila kuugusa. Kutogusa ni kazi ngumu kuliko zote. Nilikuwa sijafundishwa. Katika mji wetu, kupenda ni kupigilia.

Siku ya nane nilitoa vibano. Nilisimama juu ya boriti kwa miguu yote miwili, nikaruka. Ikanirudisha juu.

Kisha nikatia misumari kwenye kikapu, nikaanza kugonga milango.

"Hodi."

"Karibu. Ah. Ndio wewe."

"Msumari wako huu. Nakushukuru kwa nia yako."

"Na?"

"Basi."

"Na magoti?"

"Mazima, alhamdulillahi."

Hivyo, mlango baada ya mlango. Mmoja alinifungia usoni. Mmoja alilia. Mama mmoja alishika msumari wake akaupima kwa kiganja, akasema, kumbe ni mzito hivi, sikujua, nilikuwa nadhani unampa mtu zawadi. Pandu alisimama na wembe hewani, mteja wake nusu kichwa kimenyolewa.

"Sema tu samahani, dada. Neno lenyewe halina uzito."

"Ndivyo mlivyosema juu ya msumari."

Akanyamaza. Pandu, akanyamaza. Mteja akauliza kama kinyozi wake bado yupo hai.

*

Waliweka siku ya kung'oa misumari yao nyumbani kwetu. Nami nikaweka ileile, maana ndiyo siku ambayo upepo ulitoka sawa.

Niliisukuma ndege mwenyewe hadi kwenye chumvi. Hakukuwa na mtu wa kupiga makofi. Wote walikuwa mjini na koleo zao. Nilizungusha pangaboi kwa mkono, injini ikakohoa, ikashika. Nilikaa. Nikasukuma mpini wa mafuta. Chumvi ikaanza kukimbia chini yangu, kwanza kama chumvi, halafu kama maziwa, halafu kama kitu kisicho na jina, na nilipohesabu kumi mkia uliinuka wenyewe, kirahisi, kama mtu aliyeambiwa sasa unaweza kwenda. Nilivuta fimbo ya kuongozea kuja kifuani, kiasi cha upana wa vidole viwili. Mtetemeko wa magurudumu ukakatika.

Ukimya ule uliokuwa ndani ya kelele ya injini, nitauelezaje. Hakuna aliyenishika. Hakuna. Boriti ilipinda kidogo kwenye ncha zake, ikapokea uzito wangu, na pale nilipoiunga hapakusema neno. Nilipita kimo cha mbuzi. Nilipita kimo cha nyumba. Nilipita kimo ambacho lugha ya mji wetu ina kipimo chake, na nikaendelea. Chini niliona Jumanne zote mbili zimelala kando kwa kando, moja kwenye jua, moja kwenye kivuli cha wingu, na nikaelewa kwamba ni moja. Niliona mtoto wa kike amesimama kwenye njia ya ghala na bomba la bati kwapani, anaangalia juu, mguu mmoja umekanyaga mwingine kama nilivyozoea mimi. Nilimpungia mkono. Bila shaka alikwenda akaandika jina juu ya bomba. Nani mwingine angelijua?

Halafu nikageuza bawa kuelekea mjini, nikaiona nyumba yetu.

Walikuwa juu yake kama siafu. Waling'oa kwa utaratibu, kila mtu wake, hakuna aliyegusa wa mwenzake. Bwana Dihenga alisimama chini anaita kaya kwa zamu, mpole kama kawaida. Na wakati napita, paa lote likaachia. Walilipokea kwa mikono, wakalilaza chini kama mgonjwa. Nyumba ikabaki wazi kama sanduku.

Ndani, shangazi Mosi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mbele ya jiko. Alikuwa amekataa kutoka. Hakutaka kuja uwandani, alisema magoti hayataki. Watu wote wa mji walikuwa wameinamia misumari yao. Yeye peke yake, kwa kuwa sasa hakuna kilichomkinga, aliinua uso, akaweka kiganja juu ya macho, akaniona.

Nilizunguka mara tatu. Sina sababu ya kuficha kwamba mara ya tatu ilikuwa ya kujionyesha.

*

Niliposhuka walikuwa wananisubiri kwenye ukingo wa chumvi, kaya zote, misumari mikononi. Shangazi alikuwa ameletwa, amekalishwa kwenye kigoda chake mbele ya wote. Mkononi alikuwa na msumari wenye alama ya kitana.

"Mwanangu," alisema Bwana Dihenga, "tumekuona. Imeruka, hatukatai. Tena imependeza. Na sisi si watu wa kinyongo. Paa liko chini, zima, halikuvunjika hata ubao. Kabla ya magharibi linaweza kuwa limerudi."

"Nasikia, Bwana."

"Sisi sote tumekuachia. Usituombe radhi sisi." Akasogea kando ili shangazi aonekane. "Mwombe huyu peke yake. Mama huyu mzee, asiye na paa. Neno moja tu, yeye akilipokea, tunapanda kuezeka."

Ule ulikuwa ujuzi. Ninamheshimu kwa hilo. Nilijikuta nimeshaanza kuinama, na neno limeshavaa nguo. Nilimtazama shangazi. Hakunisaidia. Hakutikisa kichwa, hakukunja uso. Aliukunja mkono juu ya msumari wake, akasubiri kusikia mtu aliyemlea ni nani.

"Kuna mwanga mle ndani," alisema baadaye kidogo, si kwangu hasa. "Sufuria ile kumbe ina kutu."

Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake, si kwa magoti, kwa miguu, kama mtu anayesema na mtu wa kwao.

"Shangazi, ubao wa paa ninao, na gundi ninayo, na nitaanza sasa hivi. Itachukua siku saba na hatutaigusa. Mvua ikinyesha tutalowa wote wawili. Usiku ule wa surua ninao mwilini na sitautua. Msumari wako ulikuwa wa mapenzi na ulikuwa unaniua, na niliung'oa mchana, macho wazi, na kesho ukirudi pale nitaung'oa tena."

Nikasimama. Nikawageukia wote, na jicho, na kikombe, na mstari, na wembe, na nyundo.

"Siombi radhi."